Mchanga wa Walenisi Unapelekwa Wapi?

Nilikinunua stendi ya Kahama kwa shilingi 1,000, nikisubiri basi la kwenda Geita kuanza TP. Hakikuwa na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimechomoka, na kwenye ukurasa wa mwisho mtu alikuwa amepiga hesabu za dizeli kwa kalamu nyekundu. Muuzaji alikuwa amekichanganya na madesa ya Form Four na makava ya simu. Akaniona nakigeuzageuza, akasema, "Chukua tu dada, hicho ni cha Kiswahili, hakina mteja."

Nikakichukua kwa sababu safari ilikuwa ndefu na chaji ya simu ilikuwa imebaki kidogo. Tulipofika Ushirombo nilikuwa nimesahau kwamba nimebanwa kati ya mama mwenye kuku na kijana mwenye gunia la viatu vya mtumba. Humo ndani mtu mmoja anaitwa Dzombo. Wakubwa wa nchi yake wamemhukumu, wamemtia kwenye chombo cha kwenda angani, na chombo hicho kwao ni sawa na jeneza, kwa kuwa hakuna anayetarajiwa kurudi. Lakini Dzombo hafi. Anatua kwenye sayari nyingine iitwayo Walenisi, anapokelewa, na mwanamke anayeitwa Mtu-Binti anamtembeza na kumweleza jinsi watu wa huko wanavyoishi kwa usawa. Lipasue jina la sayari utapata siri yake: wale ni sisi.

Yaani roketi! Na yote hayo kwa Kiswahili, bila mtu kuitwa John wala Captain. Nina miaka 22, niko mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu, somo langu la kufundishia ni Kiswahili, na sikuwahi kujua kama kitu hicho kipo.

Niliporudi chuoni ndipo nilipojua nimenunua nini. Mhadhiri wetu mmoja wa fasihi aliposikia jina Dzombo alicheka, akaniambia kitabu ni *Walenisi*, kilichapishwa Nairobi na East African Educational Publishers mwaka 1995. Mwandishi wake ni Katama Mkangi, mtu wa Pwani ya Kenya na msomi wa sosholojia, aliyekuwa ameshaandika *Ukiwa* (1975) na *Mafuta* (1984). Mwaka 1986, serikali ya Moi ilipokuwa ikiwasaka watu waliohusishwa na Mwakenya, Mkangi aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Alifariki mwaka 2004. Kwa hiyo alipoandika habari za mtu anayefungiwa ndani ya chombo na wenye nguvu ili asionekane tena, alikuwa anajua anachokisema.

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi tunaobanana nao kwenye vimbweta vya Kitivo cha Elimu, ninaandika kutetea vitabu vya aina hii. Navyo vina haki ya kuingia darasani, na shule za kule kwetu, ukanda wa Shinyanga na Geita, zinavihitaji kuliko shule nyingine yoyote. Najua nitaulizwa: mtoto anakaa chini, dari inavuja, wewe unaleta habari za sayari? Nipeni nafasi nieleze.

Kwanza tujiulize nani alituambia kwamba anga za juu si zetu. Mtoto wa Tanzania anasoma msingi kwa Kiswahili. Akiingia Form One, sayansi yote inahama lugha kwa siku moja. Jana lilikuwa jua, leo ni *sun*. Mvutano wa dunia, mwendo wa sayari, umeme, vyote vinavaa suti. Kiswahili kinabaki kwenye kipindi chake kimoja kama babu aliyeachwa kulinda nyumba, na ndani ya kipindi hicho tunasoma vitabu vizuri kabisa, *Takadini*, *Watoto wa Mama N'tilie*, *Joka la Mdimu*, vyote vikituonyesha matatizo ya hapa hapa chini. Mtoto anajifunza, bila mwalimu yeyote kumtamkia, kwamba Kiswahili ni lugha ya shida na Kiingereza ni lugha ya kuruka. Yule muuzaji wa stendi alikuwa amefaulu somo hilo vizuri tu.

Wakati huo huo sisi wenyewe tumeishi na habari za anga na maajabu siku zote. Nani kati yetu Wasukuma hakusimuliwa Shing'weng'we, dubwana lililomeza watu na ng'ombe wa nchi nzima, mpaka mtoto Masala Kulangwa alipokua, akaliua na kuwatoa watu tumboni? Shaaban Robert alituandikia *Kusadikika* mwaka 1951, nchi iliyo hewani, ambayo wajumbe wake wanatumwa pande zote kutafuta mambo mema halafu wakirudi wanafungwa. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, ng'ambo tu ya maji ukiwa Geita, aliandika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), na katika hicho cha pili dunia imeshaangamia na binadamu hana budi kuanza upya. Hata wachimbaji wa Mererani wanajiita wanaapolo, na inasemekana jina hilo lilitokana na vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Mtu anayeteremka shimoni asijue kama atatoka alitafuta mfano wa safari yake, akaona unaofaa ni wa mtu anayekwenda mwezini. Sasa hapo mgeni ni nani?

Pili, kuna dhahabu yenyewe. Tarehe 17 Agosti 2017 wanasayansi walinasa ishara za nyota mbili za nyutroni zilizogongana mbali sana huko angani, na wakaona katika mwanga wake dalili za metali nzito zikitengenezwa. Dunia haina tanuri la kutengeneza dhahabu. Ilitengenezwa katika matukio ya namna hiyo kabla sayari yetu haijakuwepo, ikaja ikiwa imechanganyika na vumbi lililoumba dunia. Kwa hiyo gramu anayoipima mchimbaji wa Nyarugusu kwenye mizani ndogo ni kipande cha nyota iliyokufa. Hapa kwetu habari za sayari zinauzwa kwa gramu sokoni, na mtoto wa Geita anazijua kwa mkono kabla hajazijua kwa kitabu.

Na waandishi wa hadithi za dunia nyingine wamekuwa wakiuliza swali la dhahabu kwa muda mrefu. Thomas More, kwenye kitabu chake cha *Utopia* cha mwaka 1516, alibuni kisiwa ambacho dhahabu inatengenezewa vyungu vya kukojolea na minyororo ya watumwa, ili watu waidharau. H. G. Wells mwaka 1901 aliwapeleka Waingereza wawili mwezini, wakafungwa minyororo na viumbe wa huko, na kumbe minyororo yenyewe ni ya dhahabu. Mmoja wao akili yote ikamhamia kwenye kuibeba arudi nayo kwao. Ukikulia Kahama huhitaji mtu akufafanulie mnyororo wa dhahabu una maana gani.

Basi nikaenda TP na kitabu changu kisicho na jalada.

Shule niliyopangiwa sitaitaja. Ni ya kata, iko katikati ya machimbo ya wachimbaji wadogo, na kutoka darasani ulikuwa unasikia karasha zikisaga mawe tangu asubuhi. Nilipewa Form Two. Kwenye daftari la mahudhurio kulikuwa na majina 74. Wiki ya kwanza niliwakuta 61. Wiki ya tatu ikatokea rashi, yaani mtu kapata mawe mazuri kwenye eneo jipya kama kilomita nane hivi, na Jumatatu iliyofuata nilihesabu 38. Wavulana walikuwa wamekwenda kubeba viroba na kuchekecha marudio. Wasichana baadhi walikuwa wamekwenda kuuza maji na maandazi, na wengine sikutaka kuuliza wamekwenda kuuza nini.

Sitaki mtu aniambie watoto wale ni wavivu. Ukibeba viroba siku nzima unalipwa jioni ile ile. Shule inalipa baada ya miaka mingi, kama inalipa, na mfano ulio mbele yao ni mimi, mwalimu mwanafunzi ninayesubiri boom lichelewe ndipo nikope unga.

Ijumaa nilikuwa na vipindi viwili mfululizo vya mwisho, muda ambao hakuna anayesikiliza chochote. Siku moja, kwa kuchoka, nikaacha vitenzi visaidizi nikawasomea *Walenisi*. Nilianza pale Dzombo anapotiwa kwenye chombo. Nilisoma kurasa kama sita hivi, nikifafanua maneno ya Pwani. Kengele ikalia. Kwa mara ya kwanza tangu nifike pale, kengele ya Ijumaa ikalia na watu hawakuinuka.

Ijumaa iliyofuata waliokuja walikuwa 52. Sidanganyi, na wala sisemi ni kitabu tu kilichowaleta. Rashi ilikuwa imeanza kupoa. Lakini wengine walikuja wakiwa na vumbi jeupe la mawe kwenye kope, wametoka moja kwa moja kule, na swali lao la kwanza mlangoni lilikuwa, "Madam, leo unasoma?"

Kati yao alikuwepo kijana mmoja wa dawati la nyuma ambaye kwa wiki tano sikuwahi kusikia sauti yake. Nilipokuwa nasoma jinsi watu wa Walenisi wanavyoishi, akanyoosha mkono, akasimama kama tulivyofundishwa kusimama, akauliza:

"Madam, huko Walenisi mchanga wao unapelekwa wapi?"

Darasa likacheka, mimi nikataka kucheka nao, halafu nikanyamaza. Ninyi mnakumbuka Machi 2017, serikali ilipozuia makontena ya makinikia yasisafirishwe nje. Kila redio ilikuwa inazungumzia mchanga wa dhahabu, na watoto hawa wakati huo walikuwa wadogo kabisa, wanasikia watu wazima wakibishana kuhusu mchanga unaokwenda mbali. Kijana huyu alikuwa amelibeba swali lile miaka yote hiyo, na hakuna kipindi kilichompa mahali pa kulitua. Si Jiografia, ambako madini ni orodha ya kukariri kwa Kiingereza, wala si Uraia. Alilitua kwenye sayari ya Mkangi, kwa sababu huko hakuna mtu anayemjua wa kumwambia nyamaza.

Nikalirudisha swali kwa darasa. Tukabishana dakika 40. Mmoja akasema Walenisi wanagawana. Mwingine akasema haiwezekani, lazima kuna mwenye duara na mwenye duara lazima achukue zaidi, kwa sababu ndiye aliyenunua kamba na magogo. Msichana mmoja akauliza kama kule wanawake wanaruhusiwa kushuka shimoni, kwa kuwa kwao anaambiwa akisogelea duara dhahabu inakimbia. Nikawaonyesha jina la Mtu-Binti, kwamba mwandishi ametanguliza mtu ndipo akaweka binti. Akaliandika kwenye daftari lake. Katika TP yangu nzima, hilo ndilo neno pekee nililoona mwanafunzi akiandika bila kuamriwa.

Jumatatu niliitwa ofisini. Niliambiwa kwa upole, na nasema kwa haki kwamba ulikuwa upole, kuwa kitabu hicho hakimo kwenye muhtasari, kwamba upimaji wa Form Two uko karibu, na kwamba masuala ya mchanga yanaweza kuniletea matatizo nikiwa bado sijaajiriwa. Nikasema sawa mwalimu. Ijumaa ile nikarudi kwenye vitenzi visaidizi. Waliponiuliza Dzombo amefikia wapi, nikawaambia tutaendelea tukimaliza mada.

Hatukuimaliza. Wiki mbili baadaye yule kijana wa nyuma hakuonekana. Nikasubiri wiki. Nikauliza, wenzake wakasema yuko kule, anashuka sasa, habebi tena viroba. Ana miaka 15.

Sitawauzia uongo kwamba kitabu kingembakiza shuleni. Njaa haisomewi hadithi ikaondoka. Ninachojua ni kidogo zaidi, na ndicho kinachoniuma: mtoto yule aliuliza swali moja tu, la akili kuliko yote niliyoyasikia darasani, na jibu alilopewa na mfumo, kupitia mdomo wangu, ni kwamba tuendelee na vitenzi.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, maana si za kipuuzi.

Ya kwanza ni mtihani. Watu wanasema mwalimu anapimwa kwa matokeo, na *Walenisi* haitungiwi swali. Ni kweli. Lakini vipindi viwili vya Ijumaa jioni tunavijua wote vinavyokwenda. Mtoto anayebishana kwa hoja dakika 40 kwa Kiswahili sanifu anajiandaa na insha vizuri kuliko anayenakili muhtasari ubaoni huku anasinzia.

Ya pili, nimeambiwa na mwenzangu wa bwenini kwamba ni kitabu cha Kenya. Na *Takadini* je? Ni habari za Zimbabwe, na tumewafundisha watoto miaka yote bila kumwomba Takadini kitambulisho.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba riwaya yenyewe si nzuri sana. Hapa nitakubali nusu. Mkangi anahubiri. Mtu-Binti anaeleza mno, na kuna kurasa ambazo Dzombo hana kazi ila kushangaa na kuuliza ili ajibiwe. Ukitafuta mwendo wa Willy Gamba wa Elvis Musiba, hutaupata. Ukitafuta lugha ya Kezilahabi, hutaipata pia. Ni kitabu cha daraja la kati na ndiyo maana nimekikuta stendi. Lakini darasa halihitaji kazi bora tupu. Kitabu bora sana wakati mwingine kinamnyamazisha mwanafunzi, anakiona kimeshasema kila kitu. Hiki kina mapengo, na watoto waliingilia humo humo kwenye mapengo. Mwandishi hakusema mchanga unapelekwa wapi, na hilo ndilo lililomfanya mtu wa nyuma asimame.

Kwa hiyo nina maombi matatu, yote ya bei nafuu.

Kwanza, kwa sisi tunaokwenda TP mwakani: kila mmoja abebe kitabu kimoja cha Kiswahili kisicho kwenye orodha, cha mambo yasiyokuwepo. Usiombe ruhusa ya kukifundisha, omba ruhusa ya kukisoma kwa sauti dakika 20 kwa wiki. Mimi niliingia kimyakimya, ndiyo maana ilikuwa rahisi kunizima. Mkuu wa shule akijua mapema, ana nafasi ya kusema ndiyo.

Pili, kwa serikali yetu ya wanafunzi: ile bajeti ya burudani ya mwaka wa kwanza ikatwe kidogo tu, tutoe nakala au tununue vitabu vya namna hii, vikae kwenye chumba cha chama. Nimetafuta *Walenisi* kwenye maktaba yetu, nikaambiwa haipo. Nakala pekee niliyowahi kuiona ni ile yangu isiyo na jalada.

Tatu, kwa wanaosoma sayansi na wanaosoma Kiswahili: tukae pamoja. Nyinyi wa fizikia mna nyota za nyutroni, sisi tuna lugha ambayo mtoto wa Rwamgasa anaotea ndoto. Tuandike hadithi zetu. Mwadui pale Kishapu almasi imepanda kutoka kina cha zaidi ya kilomita 100, na mwaka 1947 jiwe la waridi la karati 54.5 likatoka pale likapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Jiwe limesafiri hivyo, toka tumboni mwa dunia mpaka kifuani kwa malkia, na hakuna aliyeandika riwaya ya kuliuliza liliona nini njiani?

Namalizia kwa kaka yangu. Aliacha shule Form Three, yuko kwenye duara la mita 60 upande wa Kakola, na fedha ya dhamana ya chumba changu cha mwaka wa kwanza ilitoka humo shimoni. Ndiye mtu wa kwanza niliyemsimulia habari hii likizoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wangu, kitabu hakisagi mawe." Nikasema kweli. Akanyamaza, halafu akauliza yule jamaa wa kwenye chombo alikuwa anapumua vipi. Nikamwambia asome mwenyewe.

Alikichukua. Imepita miezi minne. Nimempigia mara tatu anirudishie ili nitoe nakala kwa ajili ya TP ijayo. Mara ya mwisho aliniambia subiri, kwa sababu hakipo kwake, kimeshuka na kijana mmoja wa zamu ya usiku, na kuna wengine wawili kwenye foleni.